Kamba Nyekundu

Mikion alikuwa amebana viatu vya mteja kwapani, akikatiza mbiombio soko la Athene, kamba ilipomkuta. Kosa lilikuwa lake. Siku ya mkutano wa raia, mgeni mwenye akili zake hubaki kibandani mpaka polisi wamalize kusomba watu. Lakini mteja mwenyewe mkali, na Mikion alijiambia atawahi. Hakuwahi. Polisi wawili walikuwa wameinyoosha kamba iliyochovywa rangi nyekundu, mmoja huku na mwingine kule, wakiswaga watu kwenda kilimani mkutanoni. Vichochoro vyote vilikwisha kuzibwa.

"Mimi si raia, jamani! Fundi viatu mimi, mtu wa Lidia!"

"Siku ya mkutano kila mtu hujifanya wa Lidia," polisi alimjibu, na watu wakacheka. Kamba ikamchapa mgongoni. Shuka lake la pekee likapata doa refu jekundu.

Langoni aliketi karani Hagnon na kibao chake cha nta. Mwenye doa aliandikwa faini ya kuchelewa, akaingia. Hagnon aliipenda sana sheria hiyo, maana haikumtaka afikiri.

"Kata yako?"

"Sina kata, bwana. Mimi mgeni mkaazi. Mdhamini wangu Mzee Fanostrato, yumo humo ndani."

"Una doa. Wenye doa ni raia waliochelewa. Taja kata nikuandike, upite."

"Sema Kolito tu, baba, tusonge!" mtu alifoka nyuma yake. "Unadhani wote humu wamezaliwa huko?"

Kutaja kata kungemaliza shida palepale. Lakini mgeni anayejiita raia, akibainika, huuzwa mnadani kama mtumwa. Aliogopa, tena aliogopa hasa.

"Siwezi, bwana. Si raia."

"Basi unatafuta nini kwenye lango la raia?"

"Si nimeletwa na kamba!"

"Kamba haileti wageni. Nani anakujua hapa?"

"Wewe, bwana. Hivyo viatu ulivyovaa nimevishona mimi."

Hagnon akarudisha miguu chini ya kiti. "Kiatu si shahidi. Lete raia."

Raia walikuwa ndani, na yeye hakuwa na ruhusa ya kuingia kumwita hata mmoja. Hagnon akamwamuru polisi amshikilie mpaka mkutano uishe, kisha ampeleke kwa hakimu wa wageni. "Huko ndiko watakakojua kama ni wa faini au wa mnada," alisema, akamwita anayefuata.

Mikion alichuchumaa ukutani na viatu vya watu mikononi. Alimwaza mkewe, aliyekuwa akipika dengu na kumngoja. Miaka kumi na minane alikuwa amewavalisha Waathene viatu, na leo hakuna hata mguu mmoja uliomfahamu.

Wingu lilikuwa limetanda bila yeye kuliona. Ghafla sauti ikapaa kutoka ndani: "Tone! Limenidondokea! Ishara ya Zeu!" Hilo halina mjadala. Tone moja likianguka, mungu Zeu amekataa, na mkutano umevunjika. Watu wakamwagika langoni, na katikati yao Mzee Fanostrato, mnene, amejifunika shuka kichwani.

"Mzee! Mzee Fanostrato!"

"We Mlidia, umefuata nini huku?"

"Waambie mimi nani, Mzee wangu!"

Mzee akamgeukia karani. "Huyu mgeni wangu, fundi viatu. Mwachie."

Basi. Hagnon alilainisha nta kwa kidole gumba, wala hakuomba radhi. Mikion akacheka peke yake, machozi yakamtoka asione haya.

Waliteremka pamoja kwenye manyunyu.

"Kwani wewe hukuwaambia?" Mzee aliuliza.

"Niliwaambia. Maneno hayohayo uliyosema wewe."

Mzee akakohoa.

"Mlikuwa mnajadili nini?" Mikion aliuliza.

"Ninyi wageni. Mpelekwe kupiga makasia kwenye meli za vita. Ilibaki kuinua mikono ya kura tu, mvua ikatukatiza. Tutamalizia keshokutwa."

"Na wewe, Mzee, ungeinua?"

Fanostrato alivuta shuka mpaka kwenye nyusi. "Kaza mwendo, bwana, tutalowa."

Mikion hakukaza mwendo. Leo alikuwa huru, na kwa mara ya kwanza mjini pale kulikuwa na aliyepiga kura upande wake: mvua ya Zeu. Akatembea polepole katikati ya njia, kichwa wazi, mvua ikimlowesha.