Mipira ya Usukani wa Mshale

Uongo wa Mshale ulikuwa mdogo tu ulipozaliwa. Alisema mipira ya usukani imeisha, inateleza, ndiyo maana baiskeli ilimtoka mikononi pale kwenye kona ya kokoto, binti yake akarushwa kutoka kiti cha nyuma akavunjika mkono. Mkewe aliamini. Mtu aliyeshusha sampuli za damu kwa baiskeli hiyo kutoka zahanati ya mlimani hadi maabara miaka tisa bila kuvunja hata kichupa, utamshuku nini? Akavaa viatu, akasema mipira mipya ataichagua yeye mwenyewe, tena leo hii Jumamosi, maana Jumatatu mtoto anafunguliwa plasta na lazima arudi shule, na shule iko bondeni.

Njia nzima Mshale alisukuma ile baiskeli ya milimani. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Zilianza ncha, vikafuata vifundo, sasa ni kiganja kizima. Siku hizi breki aliibana kwa kuitazama.

Fundi wao wa baiskeli alikuwa na kanuni yake: hakuna kuchagua kwa macho. Kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu pale mezani, alibana kipande cha bomba la usukani wa zamani. Mteja hufumba macho, yeye anavisha mpira mmoja baada ya mwingine kwenye lile bomba, mkono unaamua. Macho yanapenda rangi, alisema, lakini kinachoshuka mlima ni mkono. Mke wa Mshale akacheka, akasema laiti angeijua kanuni hiyo siku ya kuchagua mume.

"Ungefumba macho, shemeji, ungenipata mimi," fundi akamjibu.

Mshale akafumba. Fundi akavisha mpira wa sponji, ule mororo kama mkate.

"Huu mgumu," Mshale akabahatisha. "Una meno."

Wakacheka wote wawili, wakadhani ni utani. Ukaja wa pili, wa mpira mzito wenye meno kama msumeno. Mshale akasema huu unateleza. Safari hii fundi hakucheka. Aliuvua taratibu, akakishika kiganja cha Mshale, akakiweka juu ya chuma kitupu.

Mshale akabana, akatulia kidogo kama mtu anayeonja chumvi.

"Huu ndio," akasema. "Laini. Tufungie huu."

Alipofumbua macho alimkuta mkewe analikodolea lile bomba, mkono mdomoni.

Fundi alikuwa mtu wa huruma. Alikohoa, akasema ameona wengi namna hiyo. Mtu akianguka vibaya mshipa hubanwa, mikono ikafa ganzi, baadaye ikarudi. Mke akaidaka kauli hiyo kama aliyetupiwa kamba kisimani. Akavichukua vidole vya mumewe, akaanza kuvikanda, akimlaumu kwa upole, kitu kama hicho unakifichaje? Basi wachukue ile ya sponji. Na Jumatatu mtoto atamkumbatia baba yake kiuno kwa mkono ule mzima, wataenda polepole, watafika.

"Ni lile anguko, si ndiyo, baba?"

Neno moja tu lilitakiwa. Angelisema, wangerudi nyumbani wakipiga soga. Lakini Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na kona ya kokoto ilikuwa palepale.

"Si anguko," Mshale akasema. "Ilianza kabla."

"Kabla lini?"

"Kabla ya mvua. Miezi miwili namshusha mtoto na mikono hii. Nilijua, mama. Niliogopa nikisema watanitoa kazini."

Mkewe hakupiga kelele. Aliviachia vidole vile kimoja kimoja, na Mshale akajua vimeachiwa kwa kuvitazama tu. Kisha akamgeukia fundi, akamwomba afungue kile kiti cha nyuma. Fundi alishika spana, akafungua nati nne bila kuinua uso. Mwanamke akakibeba kiti kwapani, akatoka. Hakuaga wala hakugeuka.

Fundi akauliza, kwa sauti ya chini, kama afunge ile ya sponji.

Mshale akatikisa kichwa. Baiskeli ni ya zahanati, akasema, anaipeleka sasa hivi. Atakayekuja kuiendesha aje achague mwenyewe.