Namba ya Aroni

"Nilisema usiguse hiyo kompyuta."

Mjomba Ambokile alikuwa ameshapandisha sauti, na mimi nimeshampandishia yangu, duka limefungwa, Jumapili, Mwanjelwa nzima iko kanisani.

"Nimetumwa na mama, mjomba. Sichezi."

Mama yuko Iringa. Kaka yangu Aroni, kabla hajafa, alifunga seva hapa dukani ili duka na nyumbani wapigiane kwa intaneti bila vocha. Alikuwa na namba yake, na ukimkosa unasikia alivyojirekodi: "Aroni hapa, nimebanwa kidogo, we sema, nitakusikia." Tangu tumzike, mama akitoka kanisani anaipiga hiyo namba. Anasikiliza, anakata. Jumapili iliyopita ikawa kimya. Nikapanda basi kuja kurekebisha. Form four nimemaliza, nakaa tu, sina cha kunizuia.

Nikafungua ile skrini nyeusi, nikaandika amri ya kusajili simu ya Aroni kwenye seva. Imekataliwa. Labda paswedi. Nikaandika herufi mojamoja, ile ile aliyonipa mwenyewe, jina la ng'ombe wetu. Imekataliwa. Labda mtandao. Nikajaribu kusajili namba ya duka, ikaingia palepale. Kwa hiyo mtandao ni mzima, seva ni nzima. Anayekataliwa ni Aroni peke yake.

"Nani kabadilisha paswedi yake?"

Mjomba akakaa juu ya gunia la vitunguu. Sauti ikamshuka. Akasema siku ya kuanua matanga, wakati mimi nahangaika na kuni huko nje, wazee waligawa vitu vya marehemu. Koti kachukua mzee Ezron. Baiskeli kachukua mjomba mwenyewe. Namba kapewa Brayson, jamaa anayeanza kazi dukani kesho. Na nguo ya marehemu haivaliwi mpaka ifuliwe, hilo hata mimi nalijua. Basi na namba nayo akaifua. Wiki juzi aliita fundi, wakafuta kila kilichokuwemo.

"Na sauti yake?"

"Vyote. Ningempaje mtu kitu bado kina marehemu ndani?"

"Mama alikuwa anamsikiliza humo."

"Dada hakuniambia, baba. Angesema tu."

Mama hasemi vitu kama hivyo. Nikauliza kama fundi aliweka kopi popote. Akatikisa kichwa. Nikaandika ile amri tena, huku najua. Imekataliwa.

Simu ya mezani ikaanza kuita. Kwenye kioo: Iringa nyumbani. Nilikuwa nimemwambia mama ibada ikiisha ajaribu ya Aroni, ikigoma apige ya duka.

"Pokea," mjomba akasema. "We ndo mwanae."

"Uliyefua ni wewe."

Hakuinuka. Akawa anaangalia mikono yake, ina maganda ya vitunguu. Nikachukua begi langu, nikatoka, nikaufunga mlango simu bado inaita.