Kibao cha Sariasih na cha Wifi Yake

Sariasih na wifi yake, Wirati, walipiga gangsa mbili, ala za vibao vya shaba vinavyogongwa kwa nyundo, zilizokaa bega kwa bega katika kikundi cha muziki cha akina mama. Gangsa huundwa mapacha: vibao vya moja vina sauti ya chini kidogo, vya nyingine ya juu kidogo. Zikigongwa pamoja sauti zinasukumana, na shaba inatetemeka kama maji ya kisima. Sariasih alipiga ya chini. Wirati, aliyeolewa juzi tu na kaka yake, akapewa ya juu.

Basi roho ya Sariasih haikutulia tena.

"Wirati, mkono wako una asali!" wanawake walisema. Hata mama mzazi wa Sariasih alisema. Yeye, miaka tisa pale, hajaambiwa hata ahsante. Akataka kwenye sikukuu ya hekalu iliyokaribia asikike yeye.

"Wifi, mbona umenuna? Umetafuna pilipili ya nani?" Wirati alimtania.

"Piga chako, niache."

Zilibaki siku mbili. Mchana wenzake walipokwenda kusuka majani ya sadaka, Sariasih alibaki ukumbini na tupa ya mumewe. Alijua kwamba ukikwangua ncha za kibao, sauti hupanda, naye aliitaka sauti ya juu kama ya wifi yake. Hakuweka hata ua la kuomba ruhusa kwa roho ya ala. Mabinti, wivu ukikukuta peke yako na tupa mkononi, toka hapo, kimbia! Yeye alikwangua kibao cha kati cha gangsa yake, akagonga, akakwangua, mpaka kikalingana kabisa na cha wifi yake.

Kwenye mazoezi ya jioni, wimbo ulipofika kibao kile, wote waliacha kupiga. Mtetemo ulikuwa umekufa. Gangsa mbili, sauti moja kavu kama sufuria.

Pande Rugeg, fundi aliyezifua, alipapasa ncha. Vumbi la shaba likamkaa kidoleni.

"Nani kafanya hivi?"

Sariasih akainama. "Mimi, baba. Kishushe."

"Ili kishuke nikwangue na tumbo lake, hapa katikati? Umeshakila ncha, kitapasuka. Mkiwa sawa hasikiki yeyote, mama. Dawa ni moja: kibao cha wifi yako kipandishwe sauti zaidi."

Akaweka sadaka yake, akafungua kibao cha Wirati, akamwambia Sariasih akishike kisicheze. Akakishika. Kila tupa ilipopita, sauti ya wifi yake ilizidi kupanda juu ya yake, mikononi mwake mwenyewe.