Kidole cha Mwenyekiti

Kwenye makumbusho yetu, dinosaria wanakaa ghorofani, kwenye mwanga na wageni. Wanyama wengine wa kale wako chini, stoo, kwenye droo ambazo hazijafunguliwa tangu nianze kazi ya kuandika vibao.

Shangazi yangu, fundi wa visukuku, alikuwa na mnyama asiyejulikana aende wapi. Umbo la mbuzi, shingo ya kiburi. Miaka sita alimchokoa kwenye jiwe kwa sindano, chembe kwa chembe. Ijumaa alikuwa anastaafu, na alitaka kitu kimoja tu: amwone ghorofani.

Kamati ikaketi. Kanuni ni hii: nyonga ya dinosaria ina tundu linalotokea upande wa pili. Jamaa zake wa mbali hawana. Na kipimo je? Mwenyekiti anaingiza kidole.

Akaingiza. Kikagota.

"Si dinosaria. Stoo."

Katibu, mwembamba kama kalamu, akaingiza chake. Kikatokea upande wa pili, kikatupungia.

"Dinosaria!"

"Kidole chako hakina cheo."

"Na chako kimeshiba, mzee."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Vidole vikapimwa kwa rula. Mlinzi akaitwa alete chake, kwa kuwa hana upande. Kikanasa. Tukakitoa kwa sabuni, Shangazi kafumba macho.

Mwishowe Mwenyekiti akakohoa. "Dada, sindano unayo. Sisi tunageukia dirishani dakika moja. Ukikwangua kidogo tu..."

Tukageuka wote, mimi wa kwanza. Dakika ikaisha. Shangazi alikuwa amekunja mikono.

"Miaka sita sijamchubua hata kidogo. Nianze leo, ili kidole chako kipite?"

"Basi ni stoo, dada."

"Stoo."

Akamteremsha mwenyewe, kipande kwa kipande, hataki msaada.

"Shangazi, kwenye kibao niandike ni nani?"

"Binamu wa dinosaria. Tundu nusu."

"Huko chini atakisoma nani?"

"Wewe andika, maneno mengi ya nini?"

Jumatatu akaja na tiketi mkononi, kavaa viatu vya harusini. Mlinzi, kidole kikiwa bado na bendeji, akamwelekeza ghorofani.

"Ghorofani nina shughuli gani?" akauliza Shangazi. "Mwanangu yuko chini."

Mlinzi akaikagua tiketi mbele na nyuma. Hapakuandikwa popote kwamba mgeni asishuke stoo. Akaenda kutafuta balbu ya huko chini.