Chaki ya Mkono wa Kushoto

Katika karakana tunakoshona sare, kelele za vyerehani haziruhusu watu wawili wasikilizane, kwa hiyo tunaongea kwa chaki. Duara juu ya kitambaa maana yake kiko sawa, shona. Mistari miwili iliyopishana maana yake kimeharibika. Na sheria yetu ni moja: aliyeharibu ndiye anayetia alama, kwa mkono wake mwenyewe. Akishatia, hasemwi tena. Hata mimi, ambaye sina dogo na wenzangu wananiita Pilipili, nikiikuta alama hiyo nafunga mdomo na kuomba kipande kingine.

Mume wangu alikuwa mkata nguo wetu. Tulizoeana hivyo, yeye akiharibu mikono ya mashati na mimi nikinyamaza. Nilikuwa nikimtania kwamba alinioa kwa sababu hakuwahi kunisikia nikisema.

Alikuwa na kifafa tangu ujanani. Kikimshika aliuma ulimi na kujikojolea, na kwa siku kadhaa maneno yalimtoka kwa shida. Siku binti yetu alipodondoka kutoka roshani, mimi nilikuwa kazini, yeye nyumbani akimwangalia. Aliniambia kifafa kilimwangusha sebuleni, na alipozinduka mtoto hayupo. Walianguka wote wawili, ndivyo tulivyosema msibani, na hakuna aliyemlaumu. Mimi niliona kwamba suruali yake ilikuwa kavu. Nilimsikia akiwasimulia majirani kisa chote, ulimi mwepesi kabisa. Nikajiambia kifafa cha siku ile kilikuwa kidogo, nikajitia hamnazo. Nilikuwa nimefiwa na mtoto, sikuwa na nguvu ya kumpoteza na mume.

Dawa zilikuwa zimeshindwa, na mimi ndiye niliyemsukuma akubali upasuaji, ili balaa lile lisirudi. Daktari, mama mmoja mpole asiye na haraka, alitueleza kwamba wangekata nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo, ili shambulio likianzia upande mmoja lisivuke. Kuanguka kukakoma kweli. Lakini mkono wa kushoto ukaanza mambo yake. Ulifungua vifungo ambavyo wa kulia umetoka kuvifunga. Ulivuta kitambaa wakati wa kulia unakata. Bosi wetu akamtoa kwenye mkasi, akamweka kwenye kukunja sare.

Daktari alinionyesha kilichotokea. Alimkalisha mbele ya skrini, akamwambia aikodolee macho nukta ya katikati. Upande wa kushoto ikapita picha ya moto, upande wa kulia picha ya mkate, mara moja zikapotea. Kisha akamwambia achague kadi mezani. Mkono wa kulia ukachukua kadi ya kisu, wa kushoto ukachukua ya ndoo ya maji. Kwa nini ndoo? Mume wangu hakusita. Alisema mtu lazima anawe kabla ya kukata mkate.

Nilicheka. Daktari hakucheka. Alinivuta pembeni, akanieleza kwamba nusu inayoongea haikuuona moto. Nusu iliyouona haina mdomo, ina mkono wa kushoto tu.

"Kwa hiyo anadanganya?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Anaamini anachosema. Mdomo ukikosa sababu unaitunga, na wa kwanza kuiamini ni yeye mwenyewe."

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tunapanga kabati la chumbani. Chini ya mashuka kulikuwa na gauni la njano la binti yetu, nililomshonea mwenyewe. Mume wangu akalitandaza kitandani alikunje, huku akinihadithia habari za fundi bomba aliyeingia mitini. Mkono wa kulia ulikuwa unakunja. Wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoa chaki, ukachora kifuani mwa gauni mistari miwili iliyopishana.

Nikamuuliza anafanya nini. Aliitazama alama ile kidogo tu.

"Bega limefumuka," akasema. "Nataka ulipitishe kwenye cherehani."

Bega lilikuwa zima. Mshono wangu naujua.

Nikaipangusa alama, nikamketisha kitandani, nikaushika mkono wake wa kushoto na kuuweka juu ya gauni pamoja na chaki yake.

"Siku ile," nikasema, "kifafa kilikushika?"

"Kilinishika, mke wangu. Si unajua."

Mkono wa kushoto ukachora alama ya kosa. Wa kulia ukaja mbio ukaifuta. Wa kushoto ukachora tena, kwa nguvu, mpaka chaki ikavunjika. Mwenyewe alikuwa anaitazama mikono yake kama watoto wa jirani wanaogombana.

"Huu mkono msumbufu," akasema. "Daktari si alituambia?"

Nilimkazia macho nikiutafuta uongo. Ningeupata, wallahi, ningemrarua. Sikuupata. Machozi yalikuwa yanamlenga, na alimtaja binti yetu kama baba yeyote anavyomtaja mtoto wake marehemu. Nimuulize nani sasa kwamba alikuwa amelala, au alikuwa ametoka, au alikuwa anapiga soga mlangoni? Anayejua hawezi kuniambia, na huyu anayenijibu hajui kitu.

Sheria ya karakana naijua. Ametia alama kwa mkono wake, kwa hiyo natakiwa ninyamaze na kuomba kipande kingine. Kipande kingine hakipo.

Nililikunja gauni bila kuipangusa alama. Mkono wa kushoto ukanyooka juu ya shuka, polepole, ukiutafuta wangu. Ndio pekee ulionikiria, na sikuweza kuugusa. Nikainuka, nikaenda kusimama dirishani. Mume wangu alionekana kushangaa, kisha uso wake ukatulia.

"Umesikia joto," akasema kwa upole. "Chumba hiki kina joto sana."

"Ndiyo," nikasema, "ni joto." Nikafungua dirisha, na nilikuwa natetemeka kwa baridi.