Shemeji Amekaa Chini

Everaldo, muuza nyama wa mtaa wa Madureira, alikuwa amevaa mkanda wa bluu wa jiujitsu, mieleka ya mkekani, miaka minane, na aliyemkwamisha humo hakuwa mtu baki. Alikuwa Osmar, kaka wa mkewe. Osmar ni pande la mtu. Kila wakikutana mkekani humlalia juu kama gunia la maharage, halafu Jumapili mezani anasimulia mbele ya wakwe. Mwalimu Ivonete alishatoa neno: "Siku ukimwangusha Osmar ukianzia kitako, unapanda daraja, mkanda wa zambarau ni wako."

Basi Everaldo akajifua nyumbani. Neusa, mkewe, akisimama jikoni kukaanga ndizi, mume anamjia sakafuni kwa makalio na kumkumbatia mguu.

"Everaldo, niachie, mafuta ya moto haya!"

"Dakika moja tu, mama."

"Dakika yako ndiyo iliyoniangusha jana!"

Ijumaa ikafika. Wakagonganisha viganja, kisha ngumi, kama ilivyo desturi, na Everaldo akakaa kitako papo hapo.

Osmar akacheka. "Shemeji, umechoka hata hatujaanza? Nikuletee uji?"

 Everaldo alijivuta, akapenya chini yake, akamshika kifundo cha mguu, akamtia unyayo mmoja nyongani, mwingine nyuma ya goti, akasukuma. Lile pande la mtu likayumba, likatafuta pa kushika, likaenda chini puu! Everaldo akainuka, akampanda juu. Miaka minane! Furaha ikampanda kichwani, na huruma nayo ikamwingia, maana shemeji ni shemeji. Akampigapiga begani mara mbili.

"Pole, shemeji."

Ukumbi mzima ukaguna. Mkekani, anayempiga mwenzake mara mbili namna ile amesalimu amri.

"Kasalimu!" Osmar akabwata, chali vilevile alivyolala. "Mmeona wenyewe! Kasalimu!"

"Nilikuwa nampa pole, Mwalimu!"

"Pole peleka msibani," alisema Ivonete, akijikaza asicheke. "Humu ndani ukipiga, umesalimu. Anzeni upya."

Everaldo machozi yalimlengalenga kabisa. Ushindi wa miaka minane, na ameutoa zawadi kwa mkono wake mwenyewe! Akakaa tena mahali pake, akanyoosha mkono wa salamu, akasubiri.

Osmar akafunga mkanda wake vizuri. Akaufungua, akaufunga tena. Akasogea kidogo, akautazama mguu wake, akarudi nyuma. Kisha polepole, macho kayatupa dirishani, naye akakaa kitako.

Wanaume wawili wazima wakabaki wakitazamana sakafuni, hakuna anayesogea.

"Osmar," Ivonete akaita. "Simama upigane."

"Niko sawa hapa, Mwalimu."

 Ivonete akaenda kabatini kuchukua mkanda wa zambarau.