Mwalimu Adams na Kesi ya Murera

Wanafunzi wa Ruiru hawakumjua Mwalimu Githae kwa jina lake. Walimwita Adams, na jina likamfuata hadi alipostaafu na kujenga nyumba mtaa wa Kimbo, ambako hata wauza mboga wa steji ya matatu walimsalimu hivyo. Alijitakia mwenyewe. Kila mwaka, mtihani ukikaribia na watoto wakiwa wamechoka, aliweka chaki chini akawasimulia habari za John Adams, mtu ambaye hakuwa kwenye silabasi.

Aliwaeleza jinsi mwana huyo wa mkulima aliyekuwa pia fundi viatu alivyosomea sheria, na jinsi mwaka wa 1770 askari wa mfalme wa Uingereza walivyoufyatulia umati risasi mjini Boston, watu watano wakafa. Mji mzima ulitaka askari wale wanyongwe, na mawakili wakakwepa. Adams mwenyewe alikuwa akipinga sera za utawala ule, lakini alikubali kuwatetea kwa sababu hakutaka mtu yeyote asimame kortini bila wa kumsemea. Alitukanwa, wateja wakamkimbia. Kesi ilipoisha, karibu wote waliachiliwa. Wawili tu walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Baadaye alipigania uhuru wa Marekani, akawa rais wake wa pili, na uzeeni bado aliihesabu kesi ile kati ya mambo bora kabisa aliyoifanyia nchi yake. Githae hakumpamba. Aliwaambia pia kwamba, akiwa rais, alitia saini sheria iliyowafunga waandishi waliomkosoa. Kisha aliirudia kesi ya Boston, kwa kuwa hapo ndipo alipompendea Adams.

Aliyeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko wote alikuwa binti yake, Wangeci, ambaye Githae alimwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa alibeba jina la mama mzazi wa Githae. Wangeci naye akasomea sheria, akafungua ofisi ndogo Thika, juu ya duka la vitambaa la Manjula.

Mwaka jana, kule Murera, si mbali na Kimbo, tajiri mmoja alizungushia shamba lake ukuta, na ukuta ukaziba njia ambayo watu walipitia kwenda kuchota maji. Majirani walilalamika wakachoka. Adhuhuri moja wakaja na nyundo kuubomoa, mawe yakaanza kurushwa, na mlinzi wa pale, Mwendwa, mtu wa Kitui, akapiga rungu. Rungu lilimpata kijana aliyeitwa Kiama kichwani. Kiama alifia njiani akipelekwa hospitali.

Alikuwa mtoto wa pekee wa Kui, mama mjane aliyeimba kwaya moja na Githae.

Mwendwa alishtakiwa kwa mauaji. Hakuwa na wakili, wala mwajiri wake hakutaka kusikia habari zake, kwa hiyo mahakama ikamteulia Wangeci. Githae alizipata habari hizo kanisani, baada ya ibada, kwa kuwasikia watu wakinong'onezana mlangoni. Siku hiyo Kui hakumsalimu. Kesho yake Githae alikwenda Thika, akapanda ngazi za ofisi ya binti yake akiwa amekwishapanga maneno.

"Maitu, hii kesi mwachie mwingine."

"Mwingine nani, Baba?"

Githae akaanza kumweleza juu ya Kui, juu ya kwaya, juu ya watu wa Kimbo ambao angeishi nao hadi azikwe. Wangeci alimsikiliza huku akimmiminia chai. Akamwambia kwamba alipokwenda kumwona Mwendwa rumande, kitu cha kwanza alichoulizwa ni kama ametumwa kumshawishi akiri kosa.

"Huyo Adams wako," akasema mwishowe, "baba yake alikuwa hai wakati wa ile kesi?"

"Hapana. Alikuwa amekufa zamani."

"Basi hakupata mtu wa kumfuata ofisini kumwomba aache."

Githae alikunywa chai yake hadi ikaisha. Kisha akauliza kesi ingeanza kusikizwa lini, maana alitaka kuhudhuria.

Alihudhuria vikao vyote, akikaa nyuma ya binti yake, Kui akiwa upande wa pili na shuka begani. Wangeci hakupaza sauti hata mara moja. Shahidi wa kwanza aliapa kwamba Mwendwa aliwavamia watu bila kuguswa. Kwa maswali ya upole, moja baada ya jingine, akakubali kwamba mawe yalikuwa yakirushwa, kwamba Mwendwa alikuwa akivuja damu, na kwamba ukuta ulikuwa mgongoni mwake, hana pa kukimbilia.

Siku ya utetezi alisimama mlinzi mwenzake Mwendwa, akasema wahuni wale walijitakia. Wangeci akamkatiza shahidi wake mwenyewe.

"Kiama hakuwa mhuni. Alikuja kudai njia ya mama yake. Jibu nilichokuuliza."

Jaji aliinua macho. Githae alijikuta ameketi wima kama mtu anayepigwa picha. Miaka yote hiyo alikuwa amesimulia ujasiri wa watu wa mbali. Sasa ulikuwa mbele yake, umevaa joho jeusi na viatu vinavyohitaji soli mpya.

Jaji aliamua kwamba Mwendwa alikuwa akiyaokoa maisha yake, akamwachilia. Mwendwa aliinama kizimbani, akalia.

Nje, Kui alimjia Githae.

"Mwalimu, mimi sijafurahi."

"Najua, mama."

"Lakini wote humo ndani walikuwa wanasema marehemu, marehemu. Msichana wako amesema Kiama."

Akaomba kuonana naye. Alimshika Wangeci mkono, kisha akauliza kuhusu ile njia ya maji. Wangeci alimweleza kwamba yeye asingeweza kuishika kesi ya kuifungua njia baada ya kumtetea mlinzi wa pale, lakini wakili aliyesoma naye, Naliaka, angeishika, na wangekwenda kwake pamoja Jumatatu. Kui aliitikia kwa kichwa.

Langoni, vijana kadhaa wa Murera walikuwa wakiwasubiri. Mmoja akamsogelea Githae, akamuuliza kwa dharau kama ni yeye baba wa wakili wa muuaji.

Githae alivua kofia.

"Baba Wangeci ni mimi," akasema. "Yule pale ndiye binti yangu."

Akachukua mkoba mzito wa faili mkononi mwa Wangeci, akatangulia mbele yake katikati ya vijana wale, nao wakawapisha.